Kilichokuja Baada ya Mifuko

Kichwa cha habari kilikuwa kimeshapangwa kabla hata filamu haijaonyeshwa. Wembe alikikuta kimebandikwa ukutani juu ya meza yake, kwa herufi kubwa: FILAMU ILIYOTABIRI WIZI. Chini yake mhariri alikuwa ameacha nafasi ya maneno mia tisa, ajaze yeye.

"Jamani, hii nini tena?" aliuliza, mkoba ukiwa bado begani.

"Ukurasa wako wa Jumapili, mama," alisema mhariri, kijana wa miaka thelathini na mbili ambaye alikuwa na haraka hata akiwa amekaa. "Filamu ya mdogo wako. Chama kiliizuia miaka ishirini na tisa iliyopita, Jumamosi hii wananchi wanaiona kwa mara ya kwanza. Nani mwingine wa kuiandika kama si wewe?"

"Wewe umeshaiona?"

"Nimesimuliwa. Kesho yake ni uhuru, mwenyekiti wa mapambano anakwenda kwa fundi cherehani kumwambia amwekee mifuko mikubwa kwenye suti mpya. Mifuko, mama! Nani aliwahi kuwasema wale wazee hivyo?"

"Mwanangu," alisema Wembe, akaweka mkoba chini taratibu, "mimba haijatungwa, wewe umeshampa mtoto jina."

Chumba kizima cha habari kiliangua kicheko, na mhariri naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Na huyo ndiye Wembe, umjue. Miaka sitini na mitatu, mgongo umenyooka, miaka thelathini na tano akihakiki filamu na michezo ya kuigiza. Jina la Wembe alibandikwa na waigizaji aliowanyoa bila maji. Yeye akalipenda, akaliweka juu ya safu yake. Hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kumwambia afanye haraka.

Gazeti la chama, lile lenye ofisi ng'ambo ya barabara, nalo halikulala. Tangu Jumanne lilikuwa limeshatoa hukumu: MATUSI KWA WAASISI. Nalo halijaiona. Yaani filamu ilikuwa bado imejikunja ndani ya makopo yake, na watu walikuwa wameshaichinja na kugawana minofu, hawa paja, wale kifua. Wembe alisoma vichwa vyote viwili na hakuweza kumlaumu mtu, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuichinja.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Baba yao alikuwa fundi cherehani, fundi hasa, mwenye maneno matamu kuliko mkasi wake. Mteja alikuwa hapimwi kiuno bila kusimuliwa kisa. Watoto wake wawili, Wembe na mdogo wake wa kiume, walishinda chini ya meza ya kukatia. Yule mdogo alikuwa akilala juu ya vipande vya vitambaa, ndiyo maana wakamwita Kipande mpaka leo, na mvi zake zote. Mchezo wao ulikuwa mmoja: kila mteja akicheka, wanachora mstari kwa chaki kwenye mguu wa meza. Mistari minne, wa tano unaikata. Jioni baba anainama, anahesabu, anasema, "Leo tumeshona ishirini na saba."

Kipande alipokua akatengeneza filamu, akaiita Suruali ya Gavana. Wembe alipokua akawa mhakiki, na ule mchezo hakuuacha. Kila alipokaa gizani mbele ya filamu, daftari lilikuwa pajani na penseli mkononi, na kila alipocheka yeye mwenyewe, hata kicheko cha kumeza, mkono ulichora mstari bila yeye kutazama. Akirudi mezani anahesabu kwanza, ndipo anaandika. Ulikuwa mzani wake, na haukuwahi kumwongopea. Yeye ndiye aliyewahi kuuongopea, mara moja tu, kwa filamu ya mdogo wake.

Siku zile chama kilikuwa kimoja, gazeti lilikuwa moja, hilohilo la chama, na Wembe aliliandikia, na filamu mpya ilionyeshwa kwanza kwa watu arobaini ndani ya ukumbi mdogo wa wizara. Kiti cha mbele kabisa kilikuwa cha mkurugenzi wa habari, na wengine wote walikaa nyuma yake wakiitazama shingo yake. Shingo ikitikisika, watu wanacheka. Shingo ikitulia, watu wanakohoa. Siku ile shingo ilikaa kama imepigwa msumari. Saa moja na dakika arobaini, haikutikisika hata chembe. Watu walijiuma midomo mpaka machozi.

Walipotoka, mhariri wa wakati ule alimvuta Wembe pembeni. "Umeona mwenyewe. Mzee hakucheka."

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Wembe akaenda kuandika maneno mia sita, akayaita "Kicheko Kinachomfurahisha Adui." Akasema mwenyekiti wa mapambano amefanywa mlafi wa mifuko, na kwamba taifa changa halina nafasi ya kujicheka. Wiki hiyohiyo filamu ikazuiwa. Kwa muda mrefu Wembe alijiambia kwamba alifanya vile kumkinga: dada mtu akimkemea mdogo wake hadharani, wakubwa wataona inatosha, hawatamgusa. Ilikuwemo punje moja ya kweli. Lakini kweli kamili ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa safu katika gazeti lile, na hakuwa tayari kuipoteza. Alilijua hilo siku ile, na analijua leo.

Kipande alikuja nyumbani kwake na gazeti limekunjwa kwapani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, nilikaa nyuma yako. Niliyaona mabega yako." Akaondoka, na filamu nyingine hakutengeneza tena. Akarudi kwenye mashine za baba, lakini hakushona, alitengeneza cherehani mbovu za watu. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu wa misibani na harusini. Shikamoo dada, marahaba, basi.

Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho, Wembe alipiga moyo konde akaenda kwenye banda la mdogo wake. Lilikuwa na rafu mpaka darini, cherehani zimepangwa juu yake, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, na harufu ya mafuta ya mashine. Kipande alikuwa ameinama juu ya kichwa cha cherehani kilichofunguliwa. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kola ya shati lake, kama alivyofanya baba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umeleta cherehani?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Wewe sina vipuri vyako," alisema Kipande, na pembe moja ya mdomo wake ikapanda. Akamsogezea kigoda.

Wembe hakuzunguka mbuyu. Alimwambia kuhusu kichwa cha habari kilichobandikwa ukutani, na kuhusu gazeti la ng'ambo. Kipande alisikiliza huku anafuta skrubu moja moja kwa kitambaa.

"Nakala ni moja tu duniani," alisema mwishowe. "Makopo manne, yamekaa uvunguni mwa kitanda changu miaka yote hii. Wale wa hifadhi ya filamu wameniomba niwape, wailinde, waionyeshe mashuleni. Nimewaambia kesho iangaliwe mara moja kwanza, nione watu watasema nini. Zamani mlisema inawatukana wazee. Sasa mnataka kusema inawatukana wazee, ila mnapiga makofi. Dada, mimi sikumtukana mtu. Baba alinisimulia kisa, nikakicheka, nikakipenda. Basi."

"Najua."

"Unajua, lakini hujaandika." Aliweka skrubu chini. "Jumapili nitasoma gazeti lako. Ukiandika ulichokiona, makopo yanakwenda hifadhi. Nikikuta siasa tena, narudisha uvunguni, na nikifa watoto watayatupa. Wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni mtoto wa fundi, nguo nazijua."

Wembe alinyanyuka. Maneno yalimchoma, lakini hakuinamisha kichwa. "Jumapili asubuhi nitakuja mwenyewe," alisema.

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa, na Wembe akaona mara moja kwamba watu wameketi kwa vyama. Upande wa kulia, watu wa mabadiliko, wameshaanza kutabasamu kabla taa hazijazimwa. Upande wa kushoto, watu wa chama, mikono imefungwa kifuani. Mhariri wake alikaa kulia. Mhakiki wa gazeti la ng'ambo, bwana mmoja mnene mwenye tai, alikaa kushoto. Wembe akaenda mbele katikati, akaweka daftari pajani.

Filamu ilianza, na haki ya Mungu ilikuwa inachekesha. Gavana amenenepa, suruali yake ya sherehe haimfungi, naye anaona aibu kuipeleka kwa fundi wa ikulu, kwa hiyo anajipenyeza kwa fundi wa mtaani, baba yao mtupu, mpaka sindano kwenye kola. Kabla hajavaa tena, kamati ya mapambano inabisha hodi. Fundi anamsukuma nyuma ya pazia. Basi gavana wa watu amesimama na chupi, anasikiliza wanavyopanga kumuaga: wapi atasimama, nani atampa mkono, apewe kiti au asipewe. Wanabishana kuhusu kiti mpaka yeye mwenyewe anashindwa kuvumilia, sauti inatoka nyuma ya pazia: "Kiwe na mikono!" Na fundi anajitia hamnazo, anasema ni mke wake.

Hapo hata upande wa kushoto ulipasuka. Wembe alichora mistari mpaka penseli ikawa butu.

Kisha ikaja mifuko. Mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye koti lililochakaa, anamnong'oneza fundi: mifuko iwe mikubwa, minne, mirefu mpaka gotini. Kulia watu walisimama wakapiga makofi na miluzi. Kushoto mtu akapaza sauti, "Aibu!" Na hapo Wembe akaona kituko ambacho hakukitarajia: mhariri wake akainuka upande huu, yule bwana wa tai akainuka upande ule, kila mmoja akiwahi kupeleka habari ofisini, na wakakutana mlangoni wakagongana mabega. Wakaombana radhi, wakatoka pamoja.

Filamu ilikuwa imebakiza dakika ishirini.

Katika dakika hizo siku ya uhuru inafika. Bendera inapanda, mwenyekiti anaingiza mikono mifukoni, na mifuko imejaa vikaratasi. Ni majina ya waliokufa kwenye mapambano. Kila mama alimletea jina la mwanawe limeandikwa kwa mkono wake, na mzee hakutaka kuyanakili kwenye orodha, alitaka ayabebe yalivyo. Anatoa cha kwanza, upepo unavuma, vikaratasi vinapaa vyote. Basi uwanja mzima unakimbia. Kamati inakimbia, wapiga tarumbeta wanakimbia, gavana anakimbia ameshikilia suruali maana pindo lilikuwa halijashonwa likaisha, na fundi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anatambaa chini ya ngoma kubwa akifuata kikaratasi kimoja. Anakipata. Anampelekea mwenyekiti, mwenyekiti anasoma jina moja tu, na filamu inaisha.

Ukumbi ulikuwa umecheka mpaka ukaishiwa pumzi, halafu ukanyamaza wote, kulia na kushoto. Wembe hakufuta machozi. Aliyaacha.

Taa zilipowaka alimwona mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, ameegemea fimbo, anajipangusa macho huku bado anacheka. Alimtambua kwa shingo. Alikuwa mkurugenzi wa habari wa zamani.

"Shikamoo mzee," alisema Wembe. "Leo umecheka."

"Marahaba, binti. Ah, nimecheka! Ile siku nilitaabika wewe, acha tu. Asubuhi yake nilikuwa nimeng'olewa gego. Pamba mdomo mzima! Daktari aliniambia nikicheka damu haitakatika. Nilikaa pale nimebana meno yaliyobaki, nasali iishe."

Wembe akamsogelea. "Gego?"

"Gego la chini." Mzee akafungua mdomo amwonyeshe pengo, kana kwamba kuna mtu aliyelibisha.

"Lakini uliizuia."

"Nilitaka kuipitisha, binti. Nilikuwa na kalamu mkononi. Ndipo wakaniletea gazeti la chama. Nikasema, kama dada yake mwenyewe, tena mhakiki, ameiona ina sumu, mimi ni nani niibebe?" Mzee akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi," alisema Wembe.

Alitembea kwa miguu mpaka ofisini, na njia nzima alijitukana kwa matusi ambayo hayaandikiki. Miaka yote alidhani yeye alikuwa mkono tu, kichwa kilikuwa cha wakubwa. Na wakubwa walikuwa wakimsubiri yeye. Alimwogopa mtu mwenye pamba mdomoni! Angeweza kulibebesha jino lile mzigo wote, na watu wangecheka wakamsamehe. Lakini jino lilikuwa la mzee, na yale maneno mia sita yalikuwa yake.

Mhariri alikuwa anamsubiri. "Haya mama, makofi umeyasikia! Tunakwenda na mifuko."

"Ulitoka saa ngapi?"

"Baada ya mifuko. Nilitaka kuwahi..."

"Ulitoka mguu mmoja na yule wa ng'ambo. Wewe unataka kumzika mzee, yeye anataka kumsafisha, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona ndani ya mifuko mna nini."

Mhariri alikaa. "Mna nini?"

Wembe akamsimulia. Alimsimulia kama baba yao alivyosimulia, kwa mikono, na alipofika kwa fundi aliye chini ya ngoma, wapiga chapa wawili walikuwa wameshasogea kusikiliza. Mhariri akakuna kichwa.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Lakini mama, sisi tuna msimamo wetu. Watu wetu wanataka mifuko."

"Niliwahi kufanya kazi kwenye gazeti lenye msimamo. Niliandika walichotaka, na nikaiua filamu ya mdogo wangu kwa mkono wangu. Leo nitaandika hivyo, mwanzo mpaka mwisho, na uhakiki wangu wa zamani tutauchapa pembeni watu wausome. Hutaki, nafasi hiyo weka tangazo la sabuni, na mimi nikusanye vitu vyangu."

Alisema bila kupandisha sauti. Mhariri alitazama ukutani, kwenye herufi zake kubwa alizozipenda. Kisha akanyoosha mkono akazibandua.

"Wembe anajinyoa mwenyewe," alisema. "Hilo nalo watalisoma."

"Walisome."

Akaenda kwenye kabati lake, akatoa daftari la miaka ishirini na tisa iliyopita, akafungua ukurasa wa siku ile. Mistari ilikuwa pale, imepinda kwa sababu ya giza, minne minne, wa tano umekata. Arobaini na moja. Chini kabisa, baada ya mistari kukoma, palikuwa na neno moja: Baba. Akaagiza ukurasa huo upigwe picha na uchapwe ulivyo.

Jumapili asubuhi Kipande alikuwa amefungua banda, ingawa haikuwa siku ya kazi. Gazeti lilikuwa limetandazwa juu ya cherehani, miwani yake juu ya gazeti. Makopo manne ya filamu yalikuwa sakafuni karibu na mlango. Wembe aliyaona, na hakujua kama yanatoka au yanarudi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Umesoma?"

"Nimesoma mara mbili. Umeongopa."

"Wapi?"

"Umeandika arobaini na moja."

"Ndivyo daftari linavyosema."

"Daftari lako halijui kuhesabu." Kipande aliinama, akachukua kifuniko cha kopo la kwanza, akakigeuza upande wa ndani akamwekea pajani. Bati lilikuwa limekwaruzwa kwa sindano, mistari myembamba iliyoanza kuota kutu, minne minne, wa tano umekata. Vifungu vinane, na mitatu ya peke yake. "Ukumbi mzima ulikuwa unatazama shingo ya yule mzee. Mimi nilikuwa natazama mabega yako. Nilikuwa na kifuniko mkononi na sindano kwenye kola. Arobaini na tatu."

Wembe alipitisha kidole juu ya mikwaruzo ile. Miaka ishirini na tisa mdogo wake alikuwa amelalia ushahidi kwamba filamu yake ilimchekesha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeikana.

"Mbili zipi?" aliuliza.

"Za vikaratasi. Baba alipotambaa chini ya ngoma, na alipotoka. Ulikuwa umejifunika uso kwa mikono yote miwili, unacheka na kulia. Ungeandikaje?"

"Nisamehe, Kipande."

"Nilitaka uandike, umeandika." Akapangusa mikono kwa kitambaa, akakifunika kifuniko juu ya kopo lake akakigonga kwa kiganja. "Haya, inuka. Wale wa hifadhi wanatusubiri saa nne. Beba mawili, mimi nibebe mawili, na uangalie mgongo wako, ni mazito."

Wembe akachukua kalamu kwenye mkoba, akavuta gazeti kutoka juu ya cherehani, akafuta arobaini na moja, akaandika arobaini na tatu. Kisha akabeba makopo yake mawili, wakatoka.